Kisanduku Alichokichomelea Hassan

Kuna wanawake wanaosamehe upesi, Mungu awazidishie. Safi wa Mususa hakuwa mmoja wao. Tangu mumewe azikwe alikuwa na haja moja tu duniani: Siméon Kahongya aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wale wale aliowadanganya, kwamba Hassan hakuwa amelewa siku aliyokufa. Akishasema, aumie. Haja hizo Safi aliziona ni moja, wala hakujisumbua kuzitenganisha.

Hassan alikuwa fundi wa kuchomelea. Kwao Beni ni watu wa malori, naye alianza kwa kuunga vyuma vya magari ya baba yake mpaka akaona mkono wake unapenda chuma kuliko usukani. Akahamia Butembo, mtaa wa Mususa, akaishi na Safi ng'ambo ya barabara toka kwa Siméon, na kwa kazi akapanga annexe ya Siméon: kibanda cha matofali kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, ng'ambo ya ua. Umeme ulitoka nyumba kubwa, ukavuka ua kwa waya mmoja mnene, ukaingia kibandani. Lakini disjoncteur, ile swichi ya kuukata umeme wa kibanda, haikuwa kibandani. Ilikuwa ukutani kwa Siméon, ndani ya korido yake.

Wala si Siméon peke yake. Wenye viwanja wengi mjini wameshajifunza kwamba anayeshika swichi ndiye patron, na mpangaji mbishi hukaa gizani mpaka adabu imrudie. Siméon aliwazidi wenzake kidogo. Alimwagiza Hassan mwenyewe amtengenezee kisanduku cha chuma cha kufungia swichi ile, na Hassan akakichomelea vizuri, maana kazi mbovu hakuijua. Kufuli likatiwa, na ufunguo wake Siméon akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Papa Siméon," Hassan alimwambia siku ya kukifunga ukutani, "nyumba yenye inasimama yeye peke yake iko na lazima ya disjoncteur yake, pale pale kwa mulango. Courant ikishika mutu kule, nani atakimbia mpaka huku?"

"Na weye ukikuwa na disjoncteur yako, mie nitakuwa patron ya nini?"

Siméon alicheka, na Hassan naye akacheka kile kicheko cha mpangaji. Aliomba tena baada ya Idi, akaomba tena mvua zilipoanza, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Mvua kubwa iliponyesha, maji yaliingia kibandani. Hassan alishika mashine ya kuchomelea ambayo waya wake ulikuwa umechunika, na umeme ukamshika. Mafundi wenzake wawili hawakumgusa kwa mikono, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha hivyo. Mmoja alimsukuma kwa mti, lakini mkono ulikuwa umegandamana na chuma. Mwingine alikimbilia nyumba kubwa, akakuta kufuli. Siméon alikuwa shambani kwake Kipese akitazama viazi vyake, na ufunguo uko huko huko shingoni. Walikipiga kisanduku kwa nyundo, wakakipiga kwa shoka, na kikabaki kilivyo. Hassan alikuwa amekichomelea asije mtu akakivunja.

Kesho yake alifika Octave, ofisa wa commune, mtu wa Kasai aliyeletwa huku na kazi ya serikali. Alisimama uani, watu wamemzunguka, akauliza kama marehemu alikuwa amekunywa. Mafundi walisema hapana. Siméon, aliyekuwa amerudi na tope la Kipese kwenye viatu, alisema ndiyo.

"Asubui nilimupitia mbele niende shamba, chef. Alikuwa ananuka pombe. Nilimuambia, Hassan, wacha ile mashine leo."

Antoinette, mke wa Siméon, alikuwa hapo. Asubuhi hiyo alikuwa amempelekea Hassan chai kibandani kama kawaida yake, wakasemezana, wakacheka. Octave alimgeukia. Antoinette akatazama miguu yake, asiseme neno. Octave akaandika alivyosema mwenye nyumba, maana mwenye nyumba ni mzee wa kanisa, na kanisa lake ni la watu wasioonja hata togwa.

Mwislamu kuitwa mlevi akiwa hai ni tusi, na anaweza kulijibu. Akiitwa hivyo akiwa kaburini, tusi hurithiwa. Sifa, binti yao, alirudi toka shule akilia kwa sababu wenzake walimwigizia baba yake akiyumba. Na Hadjara, mama wa Hassan, aliposhuka kutoka Beni kwa ajili ya arobaini, hakumkumbatia mkwewe. Alikaa juu ya mkeka, akauliza kwa sauti ndogo.

"Safi, wee ulijuaka kama mutoto wangu anakunywa?"

"Mama, Hassan hapana kunywaka. Hata siku moja."

"Mutu mukubwa wa kanisa atasema bongo, atadanganya, juu ya nini?"

Toka hapo Hadjara alibaki Mususa, akisema anamlinda mjukuu wake, lakini alijiwekea mafiga yake pembeni na sufuria yake, na chungu cha Safi hakukigusa. Kumpikia mama mkwe akakikataa chakula chako ndani ya nyumba yako mwenyewe, hilo Safi alilimeza kila jioni, na kila jioni alimwandikia Siméon deni hilo moyoni.

Alikwenda ofisini kwa Octave. Octave hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi tu.

"Mama, bale bafundi ni batu ya bwana yako. Batasema nini ingine? Lete mutu wa nyumba ile ya Siméon, aseme mbele yangu, na mie nitabadilisha. Sinon, hapana njia."

Safi akarudi nyumbani akiwaza: mtu wa nyumba ile. Watu wazima mle walikuwa wawili tu, Siméon na mkewe.

Ikaja siku ya arobaini. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, wakaja Waislamu wa Butembo na majirani Wakristo wa mtaa mzima. Huku kwetu mtu akifia kwenye kiwanja chako, humwachi mjane aende mikono mitupu. Unasimama mbele ya watu, unamwuliza atafutwa machozi na nini, na akishakitaja hukikatai, la sivyo hutasalimiwa tena sokoni. Siméon aliijua mila hiyo na aliipenda, maana ilimpa nafasi ya kuonekana. Alikuja na mbuzi mweupe, koti amelifunga vifungo vyote.

"Mama Sifa," alisema, "mbuzi ni yako. Sasa sema mbele ya hii batu yote: nikupe nini, machozi ipate kukauka?"

Watu walitazamia mabati, au saruji, au kipande cha shamba. Safi alinyoosha kidole shingoni kwa Siméon.

"Ile fungula."

"Fungula gani?"

"Ya kisanduku yenye bwana yangu alitengeneza. Niikamate mie. Ikae kwangu."

Siméon alishusha pumzi kwa furaha, na wote waliliona hilo. Alidhani ni wazimu wa msiba, mwanamke anataka kumbukumbu. Akaivua kamba ya kiatu shingoni, akaweka ufunguo katika kiganja cha Safi, na imamu akasema amina. Alichokisahau Siméon ni kwamba tangu Hassan afe hakuna fundi aliyetaka kupanga kibanda kile, na kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa amekijaza majokofu ya mkewe, ya samaki na kuku wa barafu. Safi hakusahau.

Alianza Ijumaa iliyofuata, mchana kweupe. Alipita getini, akamsalimu Antoinette kwa heshima zote, akaingia korido, akafungua kisanduku, akashusha mkono wa disjoncteur, akafunga kufuli, akaenda zake nyumbani. Jua likawaka juu ya mabati. Aliporudi kuuwasha, harufu ilikuwa imefika barabarani. Mbwa wa Mususa walinenepa wiki ile kuliko walivyonenepa mwaka mzima.

Akafanya hivyo tena, na tena. Kwanza huacha samaki wagande vizuri, Siméon apate matumaini, ndipo anakwenda kukata. Sitamtetea. Nasema tu kwamba kila alipoushusha mkono ule alisikia raha, raha kamili, na hakuona haya.

Kuvunja kufuli Siméon hakuthubutu. Alikuwa ametoa mbele ya watu, na mtaa mzima ulikuwa unachungulia kwa hamu uone kama mzee wa kanisa atavunja neno lake. Ilimbidi aende kwa Safi. Hakukaribishwa kiti.

"Mama Sifa, unatafuta nini kwangu?"

"Neno moja. Mbele ya Octave. Bwana yangu hakukunywa, na disjoncteur ilikuwa yako kwa kufuli. Ukisema, nitakurudishia fungula leo leo."

"Nikisema vile, batu batasema nilimuua."

"Ulimuua."

"Mungu njo alimuchukua, mama."

"Basi na samaki, Mungu njo anaozesha. Umulalamikie yeye."

Siméon aliondoka akitikisa kichwa, akiwa amekwisha kuamua kwamba ukweli ni ghali kuliko kuku. Siku chache baadaye Safi aliona uani kwa Siméon mtaro mwembamba umechimbwa na kufukiwa, udongo bado mbichi, kutoka ukuta wa nyumba kubwa mpaka kibanda. Antoinette alimwambia ni bomba la maji, bwana yake amemletea fundi kutoka mtaa mwingine. Safi akakata umeme akaenda zake.

Safari hiyo samaki hawakunuka. Wala safari iliyofuata. Siméon akaanza hata kumsubiri kizingitini, mikono mfukoni. "Kata tu, mama, kata," humwambia, na sauti yake ni ya mtu aliyeshiba. Safi alifikiri labda ananunua barafu, au labda amepata jenereta, ila muungurumo wa jenereta hakuusikia. Asubuhi moja aliuwasha umeme, asirudi tena kuukata. Kisasi kisichouma kilikuwa kimeanza kumchosha, na alikuwa ameketi nyumbani akitafuta kingine, mvua ilipoanza.

Ilikuwa mvua kama ile ya Hassan. Ilipopungua kidogo, Antoinette alivuka barabara miguu mitupu, kitambaa kimemtoka kichwani.

"Mama Sifa, lete fungula. Papa Siméon ameshikwa. Alikuwa anatosha maji ndani ya annexe, anaimwaga inje, akashika congélateur, courant ikamushika. Lete, mama, nakuomba."

Hadjara alikuwa kwenye mafiga yake. Aliinua uso akamtazama Safi.

Safi aliinuka, akauchukua ufunguo ulipotundikwa, akatoka. Antoinette alikimbia mbele, akageuka, akaona kwamba Safi anatembea, akarudi akamvuta mkono. Safi akaendelea kutembea. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Kichwani alisikia nyundo ikigonga chuma, ikifuatwa na shoka, na alitaka Siméon naye azisikie kidogo, aujue urefu wa ua ule. Atakayemhukumu na amhukumu. Nyumba yake si mbali, na alifika.

Alifungua kisanduku. Akaushusha mkono wa disjoncteur.

"Umekata?" Antoinette aliuliza.

"Nimekata. Angalia."

Antoinette aliangalia. Mkono ulikuwa chini kabisa. Lakini kutoka ng'ambo ya ua, katikati ya matone ya mwisho ya mvua, waliyasikia majokofu yakiendelea kuunguruma.

Walifika kibandani pamoja. Siméon alikuwa bado ameshikana na mpini wa jokofu, maji yanamfika vifundoni. Lévi, mwashi wa jirani, alikuja mbio na boriti kavu, akampiga mkononi mara nyingi mpaka akamwangua, na wakamtoa nje kwenye udongo. Alikuwa ameshakufa. Lévi akazunguka kibanda akitafuta umeme ule unatoka wapi, akaona waya mweusi unachomoza kutoka kwenye mtaro wa bomba la maji. Hapakuwa na bomba. Fundi wa mtaa mwingine alikuwa ameuchukua umeme kabla haujafika kisandukuni, akaupitisha chini ya ardhi, akauleta moja kwa moja kwenye majokofu, bila swichi huku wala huko. Siméon alimshinda Safi. Aliutoa umeme wake mikononi mwa Safi, akautoa na mikononi mwa kila mtu aliye hai.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema watu. Safi alikuwa na hasira mpya, ya ajabu: kwamba alitembea polepole bure, kwamba hata kukimbia kusingemsaidia Siméon, na kwamba kinywa alichokuwa akikidai kilikuwa sasa kimefungwa milele. Amekufa na uongo wake. Hassan atabaki mlevi.

Kesho yake Octave alikuja kwenye matanga. Ua ulijaa watu: wa kanisa kwenye viti, Waislamu wamesimama kando, imamu, Lévi, mafundi wawili wa Hassan, hata Hadjara na kitenge chake kichwani. Octave alikuwa amechoka, na mchovu huuliza alichozoea kuuliza. Safi ndiye aliyeshika ufunguo, kwa hiyo alianza na yeye.

"Mama, weye ulimuona. Marehemu alikuwa amekunywa?"

Mkuki kwa nguruwe, wakubwa walisema, kwa binadamu mchungu. Safi alimtazama Antoinette aliyeketi chini kati ya wanawake, akangoja mpaka Antoinette naye amtazame.

"Ndiyo, chef," Safi alisema. "Alikunywa. Alikuwa ananuka pombe."

Wazee wa kanisa waligunaguna. Octave alitikisa kichwa akainamisha kalamu. Antoinette hakusogea, na Safi aliona usoni pake jambo lile lile alilolibeba yeye miezi yote ile, jinsi linavyoingia, jinsi linavyotafuta pa kukaa. Basi lijue, Safi alisema moyoni. Watoto wako nao wataigiziwa shuleni.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi Antoinette aliposimama.

"Hapana kuandika vile," alisema. "Bwana yangu hapana kunywaka. Hata kidogo. Kila mutu hapa anajua."

"Mais mama huyu alikuwa pale," Octave alijibu. "Anasema alikunywa. Nitamukatalia namna gani?"

"Anasema vile juu..." Antoinette alishika kifua. Aliutazama mwili wa mumewe ndani ya nyumba, kupitia mlango ulio wazi, halafu akamgeukia Octave. "Anasema vile juu siye njo tulianza. Hassan naye hakukunywa. Ile siku nilimupelekea chai mie mwenyewe, kwa mukono wangu. Hakuna pombe. Papa Siméon alisema bongo juu aliogopa, na mie nikanyamaza. Hassan aliomba disjoncteur kwa mulango ya annexe, akaomba tena, bwana yangu akakatala. Akafunga ile moja kwa kufuli, akaenda nayo Kipese. Njo vile Hassan alikufa. Na njo vile yeye pia amekufa. Hapana pombe. Andika yote mbili, chef. Ukiandika moja, andika na ingine."

Octave alimgeukia Safi. "Na weye mama? Unabakia na neno yako?"

"Hapana," Safi alisema. "Alikuwa muzima, hakukunywa. Nilisema vile ili mutu wa nyumba hii asikie namna inauma. Sasa andika."

Octave akaandika, na akasoma kwa sauti, kwa kuwa imamu alimwomba asome. Watu wa kanisa walitazama chini. Waislamu wakamwombea Hassan dua pale pale, uani kwa Siméon, na hakuna aliyewazuia.

Safi alimwendea Antoinette, akauweka ufunguo juu ya mapaja yake pamoja na kamba yake ya kiatu. Alimpa pole, na pole ile ilikuwa ya Antoinette peke yake. Siméon hakumwombea chochote siku ile, wala baadaye. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Wapo waliosema Safi amekuwa na moyo mgumu, na mimi nawaambia waende wakakae na mama mkwe mwenye sufuria yake pembeni, ndipo warudi tuzungumze.

Antoinette aliwaita mafundi wale wawili wa Hassan kabla matanga hayajaisha. Waliufukua waya wa mtaroni, wakatia disjoncteur nje ya kibanda, kando ya mlango, mahali ambapo mkono wowote unafika. Hakutaka kisanduku wala kufuli.

Njiani kurudi nyumbani siku ile ya Octave, Hadjara alitembea nyuma ya mkwewe. Walipofika alikwenda kwenye mafiga yake, akainua sufuria yake ndogo, akamwaga maji yaliyokuwamo, akaifudikiza chini.

"Safi," alisema, "leo pika ya batu batatu."